Kinga ya Kiunoni

Huku kwetu kaskazini mwa Wisconsin, ukimkuta mwanamume mzima ameketi baa na soda mbele yake, usimwulize anaumwa nini. Amebeba bastola. Sheria yenyewe haina ugumu wa kukumbuka: ukiwa na kibali unaweza kuingia baa na bastola yako chini ya shati, mradi usinywe. Bia, brandi, hata ukionja povu la mwenzio, umeshavunja sheria. Ndiyo maana mtu akisema "Nimebeba," maneno yanakwisha papo hapo. Wale walevi sugu wenyewe, ambao wangemlazimisha askofu anywe, wanamwacha kwa heshima, na mwenye baa anamletea soda bila kumkebehi.

Orrin Dombeck alilijua jambo hilo akiwa na miaka hamsini na sita, na akaling'ang'ania kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. Alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu mpole, mnene kidogo, anayependwa na mashamba yote aliyoyapitia alfajiri. Bastola hakuipenda hata kidogo. Bunduki ya kuwindia paa alikuwa nayo kama kila mtu, lakini kitu cha kubebwa kiunoni kutwa kucha, kinachokufinya nyama ya ubavu kila ukikaa, alikiona ni upuuzi wa watu wenye sinema kichwani. Aliinunua kwa sababu moja tu. Alikuwa mlevi, alitaka kuacha, na hakuwa na ujasiri wa kulisema.

Kuna watakaouliza kwa nini asiseme tu kwamba ameacha. Hao hawajazaliwa huku. Huku mtoto akibatizwa tunakunywa, akiolewa tunakunywa, Ijumaa ikifika tunakula samaki na kunywa, na timu ikifungwa tunakunywa mara mbili. Ukisema "mimi nimeacha" wanakutazama kama uliyesema unahamia China. Halafu wanaanza: umeacha kwa nini, daktari kasema nini, mke kakutishia nini, hebu onja kidogo tu tuone. Na kwa akina Dombeck ilikuwa vibaya zaidi, kwa kuwa mzee wao Ambrose alikunywa brandi maisha yake yote na hakukosa kukamua ng'ombe hata asubuhi moja. Jina la ukoo lilisimama juu ya hilo. Dombeck anakunywa na kazi inakwenda. Dombeck asiyeweza kunywa alikuwa hajapatikana bado.

Lakini Orrin alikuwa hawezi. Mwaka jana, mwezi wa tano, aliamka asubuhi ndani ya gari lake kwenye bustani ya binti yake Brenna, injini inanguruma, sanduku la barua la binti huyo limelala chini ya tairi. Brenna alitoka na gauni la kulalia, mimba ya miezi miwili tumboni, akamwambia maneno machache bila kupaza sauti. Ukiendelea kunywa, Baba, mtoto huyu akizaliwa utamwona kwenye picha tu. Tangu siku hiyo Orrin hakugusa tone. Ilikuwa miezi kumi na moja sasa.

Bastola ilimlinda vizuri. Ubaya wake ni kwamba Brenna aliichukia kuliko pombe. Mtoto, Ida, alikuwa na miezi minne, na sharti la pili la mama yake lilikuwa wazi: mwenye chuma kiunoni hamshiki mwanangu. Orrin naye alikuwa ameshaogopa kuivua. Nyumbani aliivaa, shambani aliivaa, hata kwa Brenna aliivaa, kwa maana kaka yake Duane alikuwa na tabia ya kutokea popote na chupa mkononi. Alikuwa anaivua kitandani tu. Hivyo miezi minne yote alimtazama mjukuu wake kwa mbali, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia duka la vyombo vya udongo.

"Si uwaambie tu," Brenna alimwambia siku moja. "Neno moja, Baba."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Nitawaambia, mama. Taratibu."

Kisha mzee Ambrose akafa, mwezi wa nne, akiwa na miaka themanini na minne, matope yamejaa kila mahali na barafu ndiyo kwanza inaondoka ziwani. Walimzika Jumamosi saa nne asubuhi. Saa sita mchana ukoo mzima ulikuwa baa kwa Lavonne, pembeni ya barabara ya mashamba, kwa chakula cha msiba: mikate ya nyama ya nguruwe, saladi ya viazi, na bakuli kubwa za jibini mbichi, ile inayolia kati ya meno ukiitafuna. Watu arobaini na kitu, koti juu ya koti, wote wanazungumza kwa pamoja.

Orrin alikaa kwenye stuli yake ya siku zote, soda mbele yake, bastola inamfinya. Alikuwa amelia makaburini na macho yalikuwa bado mekundu. Alimtaka baba yake, na alitaka brandi, na vitu hivyo viwili vilikuwa vimeshikana ndani yake kiasi kwamba hakuweza kuvitenganisha, kwa sababu harufu ya baba yake ilikuwa ndiyo hiyo.

Hapo kwa Lavonne kuna desturi ya vigilasi. Mtu akikununulia kinywaji na wewe hujawa tayari kukinywa, Lavonne anapindua kigilasi kitupu mbele yako. Maana yake kuna kinywaji chako kinakungoja. Orrin, kwa vile alipendwa, alinunuliwa bila kukoma hata kama amebeba. "Utakunywa siku ukiiacha nyumbani," walimwambia. Lavonne alichoka kuvipanga kaunta, akavihamishia rafu ya juu karibu na saa, mstari mzima wa vigilasi vilivyopinduliwa, na watu walipoingia walivihesabu na kucheka. Orrin alicheka nao. Kila kimoja kilimtia jasho.

Duane alikuja akamshika bega. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka minne, jitu la mtu, fundi wa matrekta, mwenye moyo laini na sauti ya kuita ng'ombe. Tayari alikuwa na vitatu kichwani.

"Mdogo wangu," alisema, "wakati umefika."

"Wakati wa nini?"

"Lavonne! Kishushe."

Lavonne, mama wa miaka sabini mwenye nywele za rangi ya karoti, alipanda kigoda akanyoosha mkono hadi mwisho wa rafu. Akashusha kigilasi kimoja, akakifuta vumbi kwa aproni, akakiweka mbele ya Orrin kikiwa kimepinduliwa.

"Hiki ni cha baba yako," alisema. "Alikununulia mwezi wa pili, siku ya mwisho aliyoingia hapa kwa miguu yake. Brandi, kutoka chupa yake mwenyewe. Akaniambia, mpe mwanangu siku atakayokivua hicho kitu."

Orrin alikitazama kigilasi. Baa nzima ilikuwa imeanza kunyamaza, watu wanageuza viti.

"Nimebeba, Duane," alisema.

"Najua umebeba. Nani asiyejua? Leo ivue."

"Siwezi kuiacha ovyo ovyo. Ni bastola, si mwavuli."

"Sefu ninayo, mpenzi," alisema Lavonne. "Bastola ya Kurt, mteja wangu, iliwahi kulala humo wiki nzima, mpaka alipokumbuka."

Watu wakacheka. Orrin naye akalazimisha cheko.

"Basi ngoja nikaifungie garini," alisema, akaanza kuteremka. Angefika garini angewasha, angeondoka, angesema baadaye kwamba alizidiwa na majonzi; kwa woga alikuwa amesahau alivyofika.

"Gari gani?" Duane alimrudisha kwenye stuli kwa kiganja kimoja. "Umekuja na langu. Na langu limezibwa na magari ya watu kumi. Unatafuta nini huko nje kwenye matope? Sefu hii hapa hatua tatu."

"Nikajisaidie kwanza."

Msalani alifunga mlango akasimama akishika sinki. Kulikuwa na dirisha dogo ambalo mtu wa saizi yake asingepita hata angepakwa siagi, na isitoshe lilikuwa limegandishwa kwa rangi tangu zama za mume wa Lavonne. Alilijaribu hata hivyo. Halafu akaona haya, mtu wa miaka hamsini na saba anayemzika baba yake asubuhi na kutaka kutoroka kwa dirisha la choo mchana. Nyuma ya mlango alisikia Duane anawaambia watu wasimame na kila mtu awe na kitu mkononi.

Aliporudi walikuwa wote wamesimama. Wamemfanyia njia hadi kaunta, wapole, wanamwonea huruma, na huo upole ndio uliomfunga kuliko kamba. Mtu angemtukana angeweza kukasirika akaondoka. Kwenye meza ya kona Brenna peke yake alikuwa amekaa, Ida begani, na alikuwa anamtazama baba yake bila kupepesa. Hakumsaidia. Alikuwa ameshasema yote aliyokuwa nayo ya kusema.

Orrin aliinua shati. Akaitoa bastola, akachomoa risasi zote, akamkabidhi Lavonne vyote viwili juu ya kitambaa. Lavonne akavipeleka nyuma na mlango wa sefu ukasikika. Ubavu wake ukawa mwepesi ghafla, mwepesi wa kutisha, kama mtu aliyevuliwa suruali mbele ya watu.

Duane alikigeuza kigilasi mwenyewe na kumimina kutoka chupa ya mzee. Brandi ilifika ukingoni.

"Kwa Ambrose Dombeck," Duane alisema, akiinua chake. "Kwa baba yetu. Alikamua asubuhi miaka sitini, baridi, joto, amelewa, mzima. Hakumkosea ng'ombe hata mmoja."

"Kwa Ambrose!" baa ikaitikia, na wakanywa.

Orrin alikuwa amekishika. Alikuwa amekiinua hadi kidevuni, kwa vile mkono ulikwenda wenyewe, ulijua njia. Harufu ikampanda. Aliwaza kwamba ni kimoja tu, ni cha baba, na nani duniani angemlaumu, na akajua kabisa, jinsi mtu anavyojua jina lake, kwamba kesho asubuhi angeamka mahali fulani asipopajua. Watu walikuwa wamemaliza vyao na wanamngoja. Duane alikuwa anatabasamu na machozi yanamtiririka.

"Kunywa, mdogo wangu."

Orrin akakishusha. Kilimwagika kidogo kwenye vidole.

"Siwezi," alisema.

"Bastola si iko kwenye sefu?"

"Si bastola. Haijawahi kuwa bastola." Alisikia sauti yake ikitoka nyembamba. "Mimi ni mlevi, Duane. Nikianza siachi. Niliinunua ile ili mtu asinipe."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

"Acha utani," alisema Duane. "Nani si mlevi humu ndani?"

"Sitanii."

"Wewe ulikuwa unakunywa kama sisi."

"Nilikuwa nakunywa na nyinyi. Halafu nakwenda nyumbani nakunywa peke yangu. Halafu napanda lori."

Ile huruma ikaondoka usoni pa Duane kidogo kidogo, na kilichokuja mahali pake Orrin hakukitarajia. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko, kwa dharau, kwa maswali. Hakujiandaa kwa hasira.

"Kwa hiyo hakuna mtu," Duane alisema.

"Mtu gani?"

"Anayekutafuta! Mtu mpole kama wewe, hujawahi kupigana hata shuleni, ghafla unatembea na bastola, unakula na bastola, hutaki kuivua hata kwa binti yako. Tulidhani nini sisi? Mimi nilinunua ya kwangu kwa ajili yako. Naacha garini ili ninywe, lakini ninayo. Kila gari geni likipita polepole pale kwangu natoka nje."

"Nilikwambia hakuna mtu."

"Kila mwenye mtu anasema hakuna mtu!" Duane aligonga kaunta, vigilasi vikaruka. "Na Baba je? Unajua Baba alilala vipi mwaka huu wote? Na bunduki ya kuwindia ndege kando ya mto wa kitanda. Mzee wa miaka themanini na minne, hana pumzi, anaamka mara tatu kuangalia barabara. Akaniambia, Duane, nikifa mwangalie mdogo wako, kuna watu wanataka kumuua na hataki kusema. Yale ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Si ng'ombe, si shamba. Wewe."

Orrin alikumbuka baba yake akimshika mkono hospitali, akimwuliza, "Ni nani huyo, mwanangu?" na yeye akimjibu "Hakuna mtu, Baba," na mzee akigeuzia uso ukutani. Alidhani mzee amechoka. Kumbe alikuwa amekata tamaa ya kuambiwa ukweli. Neno moja lingempa mzee yule usingizi mtulivu mwaka mzima, na Orrin alikuwa nalo mdomoni muda wote.

Duane akampa mgongo, akaegemea kaunta kwa viwiko vyote viwili, mabega makubwa yanatikisika.

Na kigilasi kilikuwa palepale. Kimejaa. Orrin hajawahi kuitaka pombe, katika miezi kumi na moja na miaka thelathini kabla yake, kama alivyoitaka dakika ile. Alikuwa ameshasema, na kusema hakukumpunguzia kitu. Kulimwongezea jambo la kutaka kusahau. Kiunoni hapakuwa na kinga. Mlango ulikuwa mbali, gari halikuwa lake, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza tena safari yake juu ya kaunta. Aliutazama ukienda. Vidole vilikuwa bado vinanuka.

Akauvuta. Akageuka akapita katikati ya watu hadi meza ya kona, akasimama mbele ya Brenna.

"Nipe mtoto," alisema.

Brenna alimtazama kiunoni, kisha machoni.

"Nipe, tafadhali. Nipe mikono yangu ishike kitu."

Brenna alisimama akamweka Ida kifuani pake, akamwonyesha mahali pa kuweka kiganja chini ya kichwa, ingawa Orrin aliwahi kumshika Brenna mwenyewe hivyo hivyo. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani, wa moto, ananuka maziwa. Alikamata kola ya shati ya babu yake akaivuta. Orrin akawa analia waziwazi, makamasi na yote, na hakuwa na mkono wa kujifutia.

"Usimwangushe," Brenna alisema.

Polepole watu wakakaa. Mazungumzo yakaanza tena kwa chini, uma zikagonga sahani. Duane hakugeuka. Alikivuta kile kigilasi cha baba yao mbele yake, hakukinywa, akawa anakizungusha tu juu ya ubao, brandi inamwagika kidogo kila kinapozunguka.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kwa kishindo, na binamu yao Norbert akaingia, aliyeendesha kwa muda wa saa nne kutoka Green Bay na kupotea njia mara mbili, matope hadi magotini.

"Nimechelewa, nimechelewa, nisameheni!" alipaza sauti. "Mungu amlaze pema mzee wetu. Lavonne, wape wote, kutoka kwangu! Na mpe Orrin cha nguvu, maskini, tazama macho yake!"

Lavonne aliinua kigilasi kitupu, kwa mazoea ya mkono tu, akakishika hewani. Hakujua akiweke wapi. Baa ikanyamaza mara ya pili, na safari hii wote walijua wanachongoja isipokuwa Norbert, aliyekuwa anavua koti na kutabasamu.

Kiwiko cha Orrin kiligusa ubavu wake. Hapakuwa na kitu. Kwenye kaunta, Duane alikuwa ameacha kukizungusha kigilasi, lakini hakugeuza kichwa.

"Usinipindulie, Lavonne," Orrin alisema, akamhamishia Ida bega la pili ili amwone binamu yake vizuri. "Norbert, mimi ni mlevi. Sinywi tena."

Norbert alibaki na mkono mmoja ndani ya koti. "Unasema?"

Orrin akavuta pumzi, akalisema tena. Halikuwa jepesi kuliko mara ya kwanza.